Dirii ya Shani: Sala ya Jirani Zetu Wahindu



Somo letu la mwezi huu lahusu sala moja ya Wahindu. Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo mara nyingi twayachanganya. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India, naye aweza kuwa Mwislamu, Kalasinga, au Mkristo kama sisi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mahekalu ya Wahindu yamo pia Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja. Twapita mbele yake, twasikia kengele, na pengine twatoa hukumu juu ya jambo tusilolijua. Basi tujifunze kwanza.

1. Shani ni nani?

Tangu zamani watu wa India wamehesabu watawala tisa wa angani, nao huwaita Navagraha. Saba kati yao ni Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali. Wawili waliobaki, Rahu na Ketu, hawaonekani kwa macho. Hutajwa hasa jua au mwezi unapopatwa. Zohali ndiye Shani. Masimulizi yasema kwamba baba yake ni Jua, na mama yake ni Chhaya, maana yake Kivuli. Siku yake ni Jumamosi.

Jina lake lingine, Shanaishchara, maana yake ni aendaye polepole. Jina hilo lamfaa, kwa kuwa Zohali huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka jua. Hata katika Kiswahili chetu neno zohali lina maana nyingine ya kukawia. Ukiigawa safari hiyo kwa nyumba 12 za nyota, kila nyumba hupata karibu miaka miwili na nusu. Wanajimu wa Kihindu huitazama nyumba ambayo mwezi ulikuwamo siku mtu alipozaliwa. Shani akipita katika nyumba iliyotangulia, kisha katika hiyo yenyewe, kisha katika ile ifuatayo, jumla ni miaka saba na nusu. Muda huo huitwa Sade Sati. Watu wengi huuogopa, kwa maana husemwa kwamba huleta maradhi, hasara, na ndoa kukawia.

2. Sala yenyewe

Mtu aliye katika hofu hiyo hukimbilia kavacha. Neno hili la Kisanskriti maana yake ni dirii, vazi la vita la kukinga mwili. Kavacha ya Shani ijulikanayo sana huhesabiwa kuwa sehemu ya Brahmanda Purana, kitabu cha kale cha Kihindu. Asaliye hutaja viungo vyake kimoja kimoja, tangu paji la uso, macho, masikio na pua, mpaka miguuni, na kila mara humwita Shani kwa jina jingine. Neno lirudiwalo ni "patu", yaani "na alinde". Wengi huisali Jumamosi, wakiwasha taa ya mafuta ya ufuta.

Angalieni jambo moja la ajabu. Asaliye haombi mungu mwingine amfukuze Shani. Amwomba Shani yule yule anayemwogopa awe mlinzi wake. Sababu ni kwamba Wahindu wengi hufundishwa kuwa Shani si mwovu bali ni hakimu, amlipaye kila mtu kwa kadiri ya matendo yake. Kwa hiyo pamoja na sala huwapa maskini ufuta mweusi, mafuta au nguo, na kujichunguza mwenendo wao.

3. Mfalme aliyewaombea watu

Husimuliwa kwamba Dasharatha, mfalme wa Ayodhya na baba yake Rama, aliambiwa na wanajimu kuwa Shani yu karibu kupita katika kundi la nyota liitwalo Rohini, na kwamba njaa ya miaka 12 itafuata. Mfalme akapanda gari lake la vita, akamwendea Shani huko huko juu. Shani akapendezwa na ushujaa wake, akamwambia aombe atakalo. Dasharatha hakujiombea mali wala maisha marefu, bali aliomba watu waepushwe na njaa. Kisha akamwimbia Shani wimbo wa sifa, na Wahindu huuimba hata leo.

4. Tupate nini katika somo hili?

Kwanza, hofu huweza kugeuzwa biashara. Wako wanajimu wanaomwuzia mtu aliyefilisika pete ya yakuti samawi, jiwe la Shani, kwa bei kubwa. Tusiwacheke walionunua. Je, kwetu hakuna mzazi amfungaye mtoto hirizi, au asemaye kuwa jirani ndiye aliyemwua ng'ombe wake?

Pili, sisi hatuziombi nyota, maana twaamini kuwa nazo ni viumbe. Lakini kutaka dirii si jambo geni kwetu. Someni Waefeso sura ya 6. Katika karne ya 7 mtawa mmoja wa Ireland, jina lake Laidcenn, alihesabiwa kuwa mtungaji wa sala itajayo viungo vya mwili kimoja kimoja vilindwe. Sala za namna hiyo huitwa lorica, neno la Kilatini ambalo maana yake pia ni dirii.

Tatu, yule jirani awashaye taa Jumamosi jioni huenda ana mtoto mgonjwa, au hana kazi. Kabla ya kubishana naye juu ya nyota, yatupasa tumwulize habari za nyumbani kwake.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Je, tukipatwa na shida hujichunguza kwanza, au hutafuta wa kumlaumu?

(b) Mfalme Dasharatha aliwaombea watu wake. Sala zetu za juma lililopita zilikuwa kwa ajili ya nani?