Badilisha Lenzi Kabla ya Kamera: Kupiga Picha Katika Mwanga Hafifu Rabai

Rabai, pwani ya Kenya, iko takriban digrii nne kusini mwa ikweta, na jua la hapa halina mwendo wa kuaga. Likishazama, dakika ishirini na kitu hivi zinatosha kwa giza kutanda. Mengi yanayostahili kuhifadhiwa kwa picha hutokea baada ya hapo, au ndani ya nyumba ya makuti ambamo hata saa saba mchana mwanga huingia kwa mlango tu: ngoma za matangani, bibi akisimulia kando ya jiko, wazee wakiwa kikaoni. Mwaka 2008 misitu ya kaya (makazi ya kale) za Wamijikenda, zikiwemo kaya za Warabai za Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka uliofuata mila za kaya hizo ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kijana anayeshika kamera yake ya kwanza kijijini ana kazi ya kweli mbele yake. Akirudi nyumbani na picha zilizovurugika au zilizojaa chengachenga, huanza kuweka akiba ya kamera mpya. Tunamwomba asubiri. Mara nyingi kinachomwangusha ni lenzi iliyouzwa pamoja na kamera hiyo.

Lenzi hiyo kwa kawaida ni ya milimita 18 hadi 55, na imeandikwa f/3.5–5.6. Tarakimu hizo za mwisho ndizo za kuangaliwa. Zinaeleza upana wa tundu linalopitisha mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa pana. Ukivuta hadi milimita 55, tundu haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya huo. Maana yake ni hii: mahali ambapo kamera ilihitaji kufungua shata kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, sasa itatosheka na sehemu moja ya 150 hivi. Katika kasi ya kwanza mkono wa mpiga ngoma huwa ukungu mtupu. Katika ya pili unaanza kuonekana kuwa mkono. Hakuna kamera ya bei ya kati itakayokupa hatua kubwa namna hiyo ukiifungia lenzi ileile ya zamani.

Wapo watakaosema ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, ipandishwe tu. Ipandishwe, lakini kuna gharama, na sisi wenye ngozi nyeusi tunailipa zaidi. Chengachenga hukaa katika sehemu zenye kiza za picha, na uso mweusi uliopigwa kwa mwanga haba ndipo hasa zinapokusanyika; mikunjo ya mzee na ung'avu wa macho yake vinapotea. Taa ya sola au koroboi ikiwa ndani ya fremu, mambo huzidi, kwa sababu kipima mwanga cha kamera hudanganywa na ule mwali na kuufanya uso kuwa mweusi kuliko ulivyo. Hapo ongeza mwanga kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa, hatua moja au zaidi, ukiuangalia uso na kuiacha taa iungue. Lenzi yenye tundu pana inakupa nafasi ya kufanya hivyo bila kuiharibu picha.

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera nayo ina mipaka. Nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali: aliye mita nne hupata robo ya mwanga wa aliye mita mbili. Mtu wa mbele atang'aa kama karatasi huku waliosimama nyuma wakizama gizani, na ule mwanga wa moto uliokuvutia utakuwa umefutika. Simu za siku hizi zina hali ya usiku inayounganisha picha nyingi kuwa moja, na kwa jengo lililotulia, kama kanisa la kale la Rabai, inafanya kazi nzuri. Kwa mtu anayecheza inashindwa, kwa kuwa kila picha inamkuta mahali pengine. Kasoro hiyohiyo ndiyo ya lenzi yenye kituliza mtikisiko: inautuliza mkono wako, haimtulizi mchezaji.

Pingamizi nzito zaidi ni kuhusu milimita 50 yenyewe. Kamera nyingi za wanaoanza zina kihisi kidogo, na ndani ya chumba, ukisimama mita tatu, lenzi hiyo inaona upana wa mita 1.3 tu, yaani watu wawili bega kwa bega. Kwa nyumba zetu tunaona milimita 35 ya f/1.8 inafaa zaidi, ingawa faida yake ya mwanga ni ndogo kidogo kuliko tulivyohesabu hapo juu: lenzi ya mwanzo ikiwa kwenye milimita 35 hufunguka kama f/4.5, kwa hiyo unapata mara sita hivi. Zumu ya f/2.8 ni nzuri kwa kazi za harusi, lakini ni nzito na ghali, na kwa mwanga hupitwa na f/1.8 zaidi ya mara mbili.

Tundu pana lina deni lake. Kwa milimita 50 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita mbili, sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina cha sentimita 11 hivi. Lenga jicho lililo karibu. Wakikaa watu kwa safu, bana tundu hadi f/2.8 au f/4 na ukubali ISO kupanda.

Kabla ya kulipa, hakikisha lenzi inakubaliana na kamera. Nikon ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF zisizo na mota hazitalenga zenyewe. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Ya mtumba imulike kwa tochi upande wa nyuma ukitazama mbele: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa pwani huikuza. Ukishainunua, ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Lenzi hii inaweza kupiga gizani bila flashi, na hivyo bila mtu kujua. Ndiyo sababu ruhusa inakuja kwanza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kaya nazo zina wazee wake, na mahali wanaposema hapapigwi picha, kamera ibaki mfukoni hata kama mwanga ni wa kutosha.