Petro na Lile Shuka

Somo: Matendo 10:9 – 11:18, Wagalatia 2:11-14

Petro yuko juu ya dari kule Yafa, saa sita mchana, njaa imembana. Anaona shuka kubwa likiteremshwa, limejaa wanyama wa kila aina, na anaambiwa achinje ale. Anakataa. Tusimcheke haraka, kwa sababu Petro ana andiko. Lawi 11 iko upande wake. Anaambiwa mara tatu, shuka linarudi juu, na bado anajiuliza maana yake (10:17).

Mimi hukaa sana hapo kwa kujiuliza. Petro hakujifanya ameelewa, na pia hakukimbilia kusema ni shetani. Wajumbe wa Kornelio wakabisha hodi, akawakaribisha, kesho yake wakashika njia ya Kaisaria. Na hakwenda peke yake. Alichukua ndugu sita (11:12). Nilisomea biashara, na huko hesabu haikubaliwi eti kwa sababu aliyeiandika ni mtu mzuri, lazima ikaguliwe. Petro alikubali kukaguliwa. Yerusalemu walipomhoji, hakuwanyamazisha na cheo cha utume. Aliwaeleza hatua kwa hatua, jinsi Roho alivyoshukia nyumba ile kabla hajamaliza hata mahubiri.

Kuna wenye watasema, pasta, ukifungua mlango hivyo kila upepo utaingia. Ni kweli, si kila jipya ni la Bwana. Lakini angalia kilichobadilika kwa Petro. Yesu aliyemhubiri Kaisaria ni yule yule wa Pentekoste. Kilichobadilika ni nani anaweza kuketi naye mezani.

Hata hivyo, kule Antiokia Petro huyo huyo alikuwa akila na watu wa Mataifa, wakaja wageni kutoka kwa Yakobo, akajitenga. Aliogopa watu. Paulo akampinga mbele ya wote.

Woga huo naujua. Nikiwa mhudumu wa mlangoni, dada mmoja alikuja ibada moja kwa moja kutoka shifti ya usiku kwa kituo cha petroli, bado amevaa suruali ya kazi. Wazee wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nikamwambia aende nyumbani abadilishe. Nilikuwa na andiko, Kumbukumbu la Torati 22:5. Sikuwa nimesoma hadi mstari wa 11, unaokataza nguo ya sufu iliyochanganywa na kitani. Suti yangu ya siku hiyo sijui ilikuwa imefumwa na nini.

Hakurudi. Baadaye nilienda pale kituoni kumtafuta, nikaambiwa aliacha kazi.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: kila mmoja aje na sheria moja anayoishika sana, na andiko lake. Someni sura yote, si mstari mmoja. Na kama kuna mtu alirudishwa mlangoni kwa sababu ya sheria hiyo, na bado namba yake unayo, mpigie kabla ya Jumapili.