Kazi ya Mtoto Mdogo Nyumbani

Kusoma: 1 Samweli 1:24-28, 2:18-19, 3:1-15. Mithali 31:15.



Sisi sote tunajua maneno matatu ya Kanisa letu: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo kusema Upendo, Amri na Kazi. Neno la kwanza na la pili tunawafundisha watoto tangu wakiwa mgongoni. Kwa neno la tatu tunangoja wakue kwanza. Huko kungoja ndiko kunaleta makelele mengi katika nyumba zetu.

Tutazame mtoto wa miaka mitatu. Mama anafagia lupango, mtoto anakimbilia ufagio. Mama anaosha sahani, mtoto anaingiza mikono ndani ya maji. Tunamwambia: toka hapa, unaharibu, wende ukacheze! Tunamfukuza mwaka huu na mwaka ujao. Akifika miaka kumi tunamtuma maji, anakunja uso, nasi tunamwita mvivu. Uvivu huo alifundishwa na nani? Mtoto alikuja mwenyewe kuomba kazi, tukamnyima.

Samweli aliletwa Shilo alipokwisha kuachishwa ziwa. Alikuwa bado anakua, maana kila mwaka mama yake Hana alimletea kanzu ndogo nyingine. Lakini asubuhi ndiye aliyefungua milango ya nyumba ya Bwana. Tena Eli alikuwa mzee, macho yake yamefifia. Kazi ile haikuwa mchezo wa kumnyamazisha mtoto. Ilikuwa na saa yake, na ilikuwa ya lazima. Mtoto anajua haraka sana kama kazi uliyompa ni ya kweli au ya kumdanganya.

Basi katika nyumba ya Lubumbashi tutampa nini? Wa miaka mitatu apange viatu mlangoni, apeleke vijiko, akusanye vikombe vya plastiki. Wa miaka mitano anaweza kuchagua mawe ndani ya maharagi, kulisha kuku, kufagia mbele ya mlango na ufagio mfupi. Wa saba au nane afue soksi zake na kupangusa meza. Maji pia achote, lakini tukumbuke kwamba bidoni ya litri 20 ikijaa inapita kilo 20. Huo si mzigo wa shingo ya mtoto. Mpe kibidoni cha litri 5 aende mara mbili. Mbabula, mafuta ya moto na chungu cha bukari kinachochemka vibaki kwa wakubwa. Na mbabula yenye makala ya moto isiingizwe kamwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita, kwa sababu hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Wamama wengine watasema: maji ya bomba yanakuja usiku, umeme unakatika bila kuaga, tutashika ratiba gani? Ni kweli. Kwa hiyo tusifunge kazi kwa saa ya ukutani, tuifunge kwa jambo ambalo halikosi. Baada ya sala ya asubuhi, kila mtoto akunje blanketi yake. Baada ya kula, kila mmoja apeleke sahani yake. Siku ya posho, nguo za kijani na nyeupe za siku ya Mungu zinafuliwa, na hakuna anayecheza kabla kamba haijajaa. Mwanzoni kazi itachelewa na sabuni itapotea. Tuvumilie. Kijana wa fanfare naye, siku alipopewa baragumu mara ya kwanza, alitusumbua masikio mwezi mzima.

Hapa tunasema na wababa zaidi. Mvulana aoshe vyombo kama dada yake. Tukiwaacha wavulana wakae wakingoja sahani, tunawatayarishia wake zao wa kesho taabu. Na baba anayeketi kitini akiagiza maji ya kunywa yaliyo hatua mbili kutoka kwake asishangae watoto wakimwiga.

Liko jambo zito kupita hayo. Katika nyumba nyingi za waaminifu anaishi mtoto wa ndugu marehemu. Huyo anaamka wa kwanza, anachota maji ya watu wote, anatwanga sombe, na wana wa nyumba wanalala. Wengine wanabaki nyumbani saa za masomo, hali tangu 2019 shule za msingi za serikali ziliwekwa kuwa za bure. Chombo kikivunjika, yeye. Mtoto mwingine akiugua, wanaanza kunong'ona kwamba yatima ni ndoki. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi. Sisi je, tungoje polisi? Mwanamke wa Mithali 31 anaamka kungali giza, anawapa watu wa nyumba yake chakula na wajakazi wake sehemu yao. Hamwachi mtu bila sehemu.

Jioni hii baada ya sala, jamaa yote ikae pamoja, watoto wakiwapo, na kila mtu ajibu bila kuogopa. Katika nyumba yetu nani anaamka wa kwanza? Nani anakula wa mwisho? Mtoto wetu mdogo kuliko wote, kazi yake ni ipi, na asipoifanya nani anakosa kitu? Na mtoto wa ndugu anayekaa kwetu, kazi yake inaisha saa ngapi?