SOMO LA AFYA: RISASI YA NYAYA ZA SIMU NA BETRI KUUKUU



Katika Kiswahili chetu neno "risasi" lina maana mbili. Ya kwanza ni ile itokayo kwenye mdomo wa bunduki, na wengi wetu tunaijua kuliko tulivyopenda kuijua. Ya pili ni madini yenyewe, mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo hata ukucha unaweza kuyakwaruza. Leo tutazungumzia hii ya pili, ambayo hudhuru bila kishindo.

Inatoka wapi? Zamani nyaya nene za simu zilizofukiwa ardhini zilivalishwa gamba la risasi ili maji yasiingie ndani. Majengo ya simu nayo yalikuwa na chumba cha betri kubwa, 24 za volti 2 kila moja, zilizoungwa kupata volti 48. Mitambo hiyo ilipopitwa na wakati, mabaki yake yakaangukia mikononi mwa wanunuzi wa chuma chakavu. Huko Marekani wapo wawindaji wanaoyeyusha magamba hayo na kusubu risasi za bunduki nyumbani kwao. Hapa kwetu hilo halina mjadala: kambi ni mahali pa raia, na atakayekutwa na risasi za bunduki atajibu mbele ya sheria ya nchi iliyotupokea. Lakini watu husubu vitu vingine pia, kama chubwi za mishipi na nyavu, timazi za waashi, na viraka vya sufuria zilizotoboka. Siku hizi mali ghafi iliyo karibu zaidi ni betri za magari, pikipiki na sola.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi. Jiko la mkaa likipepewa vizuri linafika hapo na kupita. Basi kijana huona ni kazi rahisi: kopo, mkaa, kalibu ya udongo, amemaliza. Hatari haimo katika moto tu. Juu ya risasi iliyoyeyuka hujitokeza utando kama jivu, naye huukwangua na kuutupa pembeni. Jivu hilo ni sumu, na ni jepesi, hupeperuka. Linakaa kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye mkeka ambao mtoto analalia. Betri ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani yake mna tope la risasi ambalo likikauka huwa vumbi, pamoja na tindikali inayochoma macho na ngozi. Na nyaya zikichomwa na plastiki yake, moshi ule nao si wa kuvuta.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Ikiingia, mwili huidhania kuwa ni chokaa ya kujenga mifupa, ukaihifadhi humo miaka mingi. Mama akipata mimba, mifupa huitoa tena na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza, naye ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake hufanana na za magonjwa tuliyoyazoea: tumbo kusokota, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, damu kupungua, uchovu. Ikizidi, degedege na kupoteza fahamu. Kwa hiyo mzazi husema ni malaria au ni minyoo. Nyingine haionekani kabisa: mtoto anakuwa mzito wa kuelewa darasani, hatulii, na mwalimu anamchapa bure.

Haya si ya kubuni. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, wakazi walichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili kuuza risasi. Wengine walibeba magunia ya udongo huo hadi nyumbani. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Karibu zaidi nasi, mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa uliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua mwanawe mchanga ana risasi katika damu, akaongoza majirani kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika rufaa kwa miaka.

Mimi najua kusema "acheni" hakujazi sufuria. Anayeokota betri ana njaa nyumbani. Basi auze betri ikiwa nzima, bila kuipasua wala kumwaga maji yake. Kwa uvuvi, mawe yaliyotobolewa, vigae vya udongo uliochomwa, au nati za chuma zinavuta wavu chini vizuri kabisa. Sufuria iliyotoboka isizibwe kwa risasi kamwe, na kopo la kuyeyushia lisirudi jikoni hata likisuguliwa kwa mchanga.

Kama kazi hiyo ilikwisha kufanyika uani kwako, usifagie pakiwa pakavu. Nyunyiza maji kwanza, kisha funika kwa udongo safi mnene na uwazuie watoto pale. Moto hauondoi sumu hii. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Wapo wanaosema kikombe cha maziwa husafisha risasi, si kweli. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani husaidia mwili wa mtoto kufyonza kidogo zaidi, lakini si dawa.

Ukimpeleka mtoto zahanati, mwambie mganga wazi kwamba nyumbani kumeyeyushwa risasi au kumepasuliwa betri. Asipoambiwa hatafikiria. Hakuna atakayekushitaki kwa kusema hivyo, na mama mjamzito aseme mapema, hata kama kazi hiyo aliifanya zamani kabla hajafika kambini.