Dhahabu za Marehemu Mama: Kabla ya Kwenda kwa Sonara

Matanga yakishaanuliwa, kisanduku cha dhahabu za marehemu mama hakikawii kufunguliwa. Dada mmoja anataka mikufu iuzwe, mwingine anataka ibaki. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: vitu hivyo sasa ni vya nani?

Tumekua tukisikia kwamba vito vya mama ni vya mabinti. Ni mila, si sheria ya Kenya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayaweka mapambo kundi moja na nguo na vyombo vya nyumbani. Mama asipoacha wosia na mumewe yu hai, vitu hivyo ni vya mume moja kwa moja. Najua mabinti wengi hawatalipenda hili. Baba akiwa alikwisha kutangulia, watoto wote hugawana sawa, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Ndoa za mitala zina hesabu yake.

Mama akiwa Mwislamu, hufuatwa faraidhi. Kwanza mazishi, madeni na wasia. Kisha mume hupata robo ikiwa marehemu ameacha watoto, na mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Kaka hatavaa bangili, lakini fungu lake limo ndani yake. Kadhi husikiliza shauri hilo ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake.

"Lakini mama alisema kidani hiki ni changu!" Alisema mbele ya nani? Chini ya Sura ya 160, wosia wa mdomo hauna nguvu mpaka uwe umetamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenye kuutoa afariki ndani ya miezi mitatu. Kwa Waislamu, wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wenzake. Tena chunguzeni: pengine vipuli vile mama aliviazima kwa ajili ya harusi na mwenyewe yupo.

Hapa ndipo watu hujitia matatani. Kifungu cha 45 kinakataza kuuza, kuchukua au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Juu ya hayo, utawajibika kwa msimamizi wa mirathi kwa ulichokigusa. Kumwambia hakimu kwamba uliuza ili kulipa deni la hospitali hakukupi ruhusa ambayo hukuwa nayo.

Mkishajua wenyewe ni nani na msimamizi akathibitishwa na mahakama, uamuzi ni wenu. Sonara kwa kawaida hununua kwa uzito na karati. Ufundi wa fundi wa zamani haulipii, na mawe huyatoa kwenye mizani. Kwa hiyo kipande chenye kazi nzuri ya mkono mara nyingi huuzwa kwa hasara. Anayekitaka akichukue kama sehemu ya fungu lake, kwa bei ya siku hiyo, na kinachozidi awalipe wenzake.

Pimeni kwa masonara wawili, warithi wakiwepo. Andikeni kila kipande na gramu zake, pigeni picha, nyote mtie sahihi, na risiti ya mauzo akae nayo msimamizi.