Tusi kwa Askari: Mipaka ya Uhuru wa Kujieleza kwa Mtazamo wa Vitendo Usemi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali moja: raia anapomtukana afisa wa polisi hadharani, je, huwa amevuka mpaka wa uhuru wa kujieleza? Mashauri kadhaa yaliyoamuliwa Marekani, Uingereza na Kenya yamechambuliwa kwa kuongozwa na nadharia ya vitendo usemi. Dai la msingi ni kwamba kinachofaa kupimwa na sheria si ukali wa neno, bali tendo linalotendwa na neno hilo katika muktadha wake.

1. Utangulizi

Waswahili husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii ni ya adabu. Humwonya msemaji kuwa neno likishatoka halirejeshwi, lakini haimtishi kwa pingu wala seli. Tatizo huzuka pale ambapo dola hulitwaa jukumu la jamii la kufunza adabu na kuligeuza kuwa kosa la jinai.

Katika Kenya, tatizo hili si la nadharia tupu. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu chake kilichoikosoa serikali, na kutokana na kifungo hicho fasihi ya Kiswahili ikapata diwani ya Sauti ya Dhiki (1973). Vifungu vya sheria kuhusu uchochezi dhidi ya serikali vilifutwa mwaka 1997, lakini hatari haikuisha. Mnamo Juni 2025, mwalimu mmoja aliyekuwa pia mwanablogu alikamatwa katika Kaunti ya Homa Bay kufuatia malalamiko ya afisa mkuu wa polisi kuhusu maandishi ya mtandaoni. Alisafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Kwa hiyo, kuuliza mpaka wa neno linaloelekezwa kwa polisi ni kuuliza pia juu ya usalama wa uhai wa msemaji.

2. Msingi wa Nadharia

Austin (1962) alieleza kwamba kusema ni kutenda. Katika usemi mmoja aliyaona matendo matatu: tendo la kutamka, yaani maneno yenyewe na maana yake, tendo la dhamira, yaani kile ambacho msemaji anakifanya kwa kusema, kama vile kulaumu, kuamuru au kutisha, na tendo la matokeo, yaani athari inayompata msikilizaji. Matendo haya hayaendi sambamba kila mara. Umbo la maneno laweza kuwa la matusi ilhali dhamira ni kushtaki. Vilevile umbo laweza kuwa la upole ilhali dhamira ni kutisha.

Tuchukue mifano michache. Abiria anayemwambia askari anayepokea hongo, "Wezi nyinyi!", ametumia umbo la tusi, lakini tendo lake ni tuhuma kuhusu utendaji wa mtumishi wa umma. Anayesema, "Mbwa wewe!", ametukana tu, hakudai lolote linaloweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Anayemnong'oneza askari, "Nyumbani kwako napajua, na watoto wako nawajua", hakutamka hata neno moja chafu, ila ametoa tishio. Anayeugeukia umati wenye mawe mikononi na kusema, "Mpigeni!", amechochea vurugu. Kiswahili kina majina tofauti ya matendo haya: lawama, tuhuma, kejeli, tusi, kashfa, tishio, uchochezi. Mshtaka unaoyakusanya yote chini ya neno "matusi" unaficha tofauti ambayo lugha yenyewe imeihifadhi.

3. Kutoka Chaplinsky hadi Hill

Marekani ina mashauri mengi kuhusu suala hili. La kwanza ni la Chaplinsky dhidi ya New Hampshire, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1942. Walter Chaplinsky, muumini wa Mashahidi wa Yehova, alikuwa akieneza imani yake barabarani katika mji wa Rochester mwaka 1940. Baada ya umati kughadhabika, alikutana na mkuu wa polisi wa mji huo, akamwita Mfashisti aliyelaaniwa na tapeli. Alipatikana na hatia, na mahakama ikakubaliana na hukumu hiyo. Ilieleza kuwa yapo maneno chokozi ambayo kwa kutamkwa tu huumiza au huelekea kuzusha uvunjaji wa amani papo hapo, na kwamba maneno hayo hayalindwi na Katiba.

Kwa istilahi za Austin, mahakama ililipima tendo la matokeo. Hata hivyo, ilimchukulia mkuu wa polisi kama msikilizaji yeyote wa mtaani ambaye angeweza kurusha ngumi. Udhaifu huo ulidhihirika miaka 30 baadaye katika shauri la mama mmoja wa New Orleans aliyeshtakiwa kwa kumtukana askari wakati mwanawe alipokuwa akikamatwa. Jaji Powell alitoa hoja kwamba afisa aliyefunzwa vyema hutarajiwa kujizuia kuliko raia wa kawaida. Mwaka 1974, mahakama iliibatilisha sheria ya mji huo kwa kuwa ilikumbatia maneno mengi mno.

Shauri la Houston dhidi ya Hill (1987) lilikamilisha mkondo huo. Raymond Hill, mtetezi wa haki wa mji wa Houston, alimwona rafiki yake akihojiwa na polisi mwaka 1982. Alipaza sauti ili kuwavuta maafisa hao kwake, akiwauliza kwa nini wasimwandame mtu wa kimo chao. Alikamatwa chini ya sheria ya mji iliyokataza kumkatiza polisi kazini kwa namna yoyote, kisha akaachiliwa na mahakama. Tangu mwaka 1975 alikuwa amekamatwa mara 4 chini ya sheria hiyo bila kupatikana na hatia hata mara moja. Jambo hili lina uzito: mtu ambaye hakuwahi kuhukumiwa alikuwa ameadhibiwa mara 4 kwa kukamatwa tu. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo. Jaji Brennan alieleza kuwa uhuru wa raia kumpinga polisi kwa maneno bila kuhofia kukamatwa ni miongoni mwa sifa kuu zinazolitenga taifa huru na dola ya kipolisi.

Ushindi huo una mipaka yake. Katika shauri la Nieves dhidi ya Bartlett (2019), mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa anayedai kukamatwa kwa sababu ya maneno yake kwa kawaida hushindwa iwapo polisi walikuwa na sababu ya msingi ya kumkamata kwa kosa jingine. Neno limelindwa, ila msemaji bado yumo hatarini.

4. Uingereza na Urithi wa Kenya

Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hukataza matumizi ya maneno ya vitisho, ya kuudhi au ya matusi hadharani kwa nia ya kusababisha uvunjaji wa amani, au pale ambapo uvunjaji huo unaelekea kutokea. Lugha yake inafanana sana na ile ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1936 kuhusu utulivu wa umma. Uingereza yenyewe imeipita hatua hiyo. Mwaka 2011, katika shauri la Harvey, Mahakama Kuu ya huko ilieleza kwamba maafisa wa polisi husikia maneno machafu mara kwa mara, na haiwezi kudhaniwa tu kuwa yamewafadhaisha. Kuanzia Februari 2014, neno "matusi" liliondolewa katika kifungu cha 5 cha sheria iliyofuata ya mwaka 1986.

Kenya nayo imepiga hatua kwa njia yake. Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu kiliharamisha maneno ya kudunisha mamlaka ya mtumishi wa umma, kwa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 3, na kilimtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali. Mwaka 2017, katika shauri la Robert Alai, Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Uamuzi huo unaafikiana na Katiba ya 2010. Ibara ya 33 haiulindi uchochezi wa vurugu, propaganda za vita wala matamshi ya chuki, lakini haikuitaja heshima ya cheo miongoni mwa mambo hayo.

5. Mizani Inayopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, maswali matatu yanafaa kuulizwa kabla ya pingu kutolewa. Kwanza, neno lilitenda nini? Lawama, tuhuma na kejeli ni njia za raia kuwajibisha mamlaka, hata zinapovaa vazi chafu. Tishio la kweli na uchochezi wa vurugu ni matendo mengine, na tusi linalochochea chuki dhidi ya kabila la askari huweza kuingia katika Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008.

Pili, ni nani aliyeelekea kuvunja amani? Iwapo aliyeelekea kupandwa na hasira ni askari peke yake, basi mlinzi wa amani hawezi kuigeuza hasira yake kuwa ushahidi dhidi ya raia. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tatu, je, neno liliandamana na kitendo cha mwili? Kumsukuma afisa au kumziba njia si kujieleza.

Wapo watakaopinga kwamba askari naye ni binadamu mwenye utu unaolindwa na Ibara ya 28. Hoja hii ni ya haki. Afisa anayesimama juani kutwa nzima akitukaniwa mzazi huumia, na jamii haina budi kumkemea anayemtukana. Lakini kemeo la jamii si kesi ya jinai. Aidha, afisa anapotukanwa, ndiye anayedai kukosewa na papo hapo ndiye mwenye uwezo wa kukamata. Mamlaka mawili hayo yanapokutana mikononi mwa mtu mmoja aliyeghadhabika, sheria pana huwa silaha.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tusi halina maana moja isiyobadilika. Hupata uzito wake kutokana na msemaji, msikilizaji na muktadha. Mashauri ya Hill, Harvey na Alai, japo yametoka katika mifumo tofauti, yanakubaliana kwamba mamlaka ya umma hayana budi kustahimili maneno makali. Wanafunzi wa isimu na fasihi ya Kiswahili wana mchango wa kutoa hapa. Mahakama nyingi za Kenya husikiliza maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili, kisha yakaandikwa kwa Kiingereza. Katika tafsiri hiyo, kejeli hugeuka tusi, na lawama hugeuka tishio. Anayeijua tofauti ya maneno hayo anaweza kumwokoa mtu na kifungo.