Somo la Familia: Kijana Chuoni, Pombe na Sheria ya Miaka 21

Masomo: Mithali 23:29–35, Luka 10:25–37

Vijana wetu wanafungasha mizigo kwenda chuo. Tumenunua mashuka, tumehangaika na ada, tumewaombea. Lakini wazazi wengi hatujazungumza nao kuhusu pombe. Tunasema, "Mwanangu hanywi," tunanyamaza.

1. Sheria inasemaje?
Kenya na Tanzania, umri wa kununua pombe ni miaka 18. Hapa Marekani ni 21. Mwaka 1984 Rais Reagan alitia saini sheria ya kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yatakayokubali umri mdogo zaidi, na kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Sababu kubwa ilikuwa vijana kufa kwenye ajali za magari. Kwa asiye raia kuna jambo la ziada: kesi ya pombe, hasa ya kuendesha gari akiwa amelewa, inaweza kumletea shida katika mambo ya uhamiaji.

2. Hali ikoje chuoni?
Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuingia baa hunywa bwenini au kwenye nyumba za sherehe, haraka haraka, pombe kali ikimiminwa bila kipimo. Wataalamu huita ulevi wa hatari pale mwanamume anapokunywa vipimo 5, au mwanamke 4, ndani ya saa mbili hivi. Kipimo kimoja ni kopo la bia la mililita 355, au pombe kali mililita 44 tu. Wiki sita za kwanza ni za kuangaliwa sana, kwa sababu kijana ni mgeni na anatafuta marafiki.

3. Tulio wauguzi tunajua nini?
Ini huondoa takribani kipimo kimoja kwa saa. Kahawa haiharakishi, wala kuoga maji baridi. Na pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mtu akiwa amelala. Ndiyo maana neno "mwacheni alale, itamtoka" limeua watu.

Dalili za hatari: haamki ukimwita na kumtikisa, anatapika huku hajitambui, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, ngozi ni ya baridi, midomo imebadilika rangi. Usingoje zote zionekane. Piga 911, mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, na usimwache peke yake.

4. Kwa nini hawapigi simu?
Wanaogopa polisi. Wanaogopa kupoteza ufadhili. Na zaidi, wanatuogopa sisi: aibu kanisani, maneno ya shangazi na wajomba. Majimbo mengi yana sheria inayomlinda kijana aliyeomba msaada asishtakiwe kwa kunywa chini ya umri. Tusome pamoja nao sheria ya jimbo letu na kanuni za chuo.

Wapo watakaosema kwamba kufundisha haya ni kuwaruhusu kunywa. Hapana. Msimamo wetu ni uleule: wasinywe. Lakini hata asiyekunywa anaweza kuwa ndiye pekee mwenye akili timamu chumbani, mwenzake amelala sakafuni. Msamaria hakumhoji majeruhi kwanza. Alisimama, akamhudumia.

Tuzungumze nyumbani
• Ukikuta mwenzako haamki, utafanya nini kwanza?
• Ni kitu gani kingekuzuia kutupigia simu sisi wazazi?
• Ukipewa kikombe na hutaki, utajibuje?

Kabla gari halijaondoka, kila mzazi amwambie mwanawe: "Ukikwama, piga 911 kwanza, kisha nipigie mimi, hata ikiwa saa nane usiku. Nitapokea. Ya kugombezana tutayaongea ukiwa salama." Tukishaahidi hivyo, tulitimize.

Bwana awalinde watoto wetu. Amina.